MTU ALIYEELEA HEWANI: MAISHA YA IBN SINA NA SWALI LA MASHINE



Mwezi huu mtukufu ni mwezi wa kusoma, na miongoni mwa yanayosomwa ni maisha ya waliotutangulia. Safari hii tumekuletea mtu ambaye wengi wetu tunamjua kwa udaktari tu, Abu Ali Al-Husayn bin Abdillah bin Sina, ambaye Wazungu humwita Avicenna. Na yeye mwenyewe alifariki ndani ya mwezi huu huu wa Ramadhani.

Kwa nini Ibn Sina, na kwa nini sasa? Kuna swali linazunguka kati yetu vijana, iwe ni Meru, Chuka, Embu au Maua. Siku hizi simu inajibu. Unaiuliza hesabu inakupa, unaiandikia kwa Kiswahili nayo inakujibu kwa Kiswahili, tena kwa adabu. Ukiiambia una huzuni inakupa pole. Hii ndiyo akili unde, au akili mnemba kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania. Sasa watu wanaulizana: je, hiki kitu kinajihisi? Kinaposema "mimi", kuna mimi yeyote pale?

Sisi Waswahili tuna desturi ya kupiga hodi. Ukisikia "karibu", unajua nyumbani mna mtu. Lakini je, karibu ikitoka kwenye chuma? Ndani mna mtu au mna sauti tu? Ibn Sina hakuona kompyuta. Hata hivyo swali lenyewe, la nini hasa kinachomfanya mtu awe "ndani yumo", alilishughulikia karibu miaka 1000 iliyopita kuliko watu wengi wa leo. Twende naye pole pole.

UTOTO WAKE

Ibn Sina alizaliwa mwaka 370 Hijria (980 Miladia) katika kijiji cha Afshana, karibu na mji wa Bukhara, katika nchi ambayo leo ni Uzbekistani. Babake alikuwa mtu wa Balkh, mji ulioko Afghanistani ya leo, na alifanya kazi ya serikali chini ya watawala Wasamani. Mamake aliitwa Sitara. Familia ilihamia Bukhara mtoto akiwa bado mdogo, naye akatiwa chuoni. Alipofika umri wa miaka 10 alikuwa amehifadhi Qur'ani na kusoma vitabu vingi vya lugha na adabu.

Hebu tazama hili, ndugu yangu. Alipotakiwa kujifunza hesabu ya Kihindi, yaani hizi tarakimu tunazotumia mpaka leo, babake hakumpeleka kwa profesa. Alimpeleka kwa muuza mboga ambaye alikuwa hodari wa hesabu hiyo. Ni kama leo umchukue mwanao umpeleke soko la Gakoromone akajifunze kwa mama anayepanga nyanya. Elimu haina kibanda maalum. Fiqhi aliisoma kwa Ismail Az-Zahid, na mantiki akaanza kwa mwalimu aitwaye An-Natili, ambaye muda si mrefu mwanafunzi alimpita.

Kuna jambo jingine la utoto wake ambalo linatuhusu zaidi. Nyumbani kwao walikuwa wanakuja wageni, babake anakaa nao, wanazungumza habari ya nafsi na akili: ni vitu gani, vinatoka wapi. Mtoto alikuwa anasikiliza. Yeye mwenyewe baadaye alieleza kwamba aliyafahamu waliyokuwa wakisema, lakini moyo wake haukuyakubali. Fikiria mtoto mdogo, amekaa pembeni, anasikia watu wazima wanaeleza nafsi ni nini, na anajiambia kwamba hawajafika. Swali hilo lilimshika tangu hapo na halikumwachilia.

Akiwa na miaka 16 alikuwa tayari anatibu watu. Lakini usidhani kila kitu kilikuwa rahisi kwake. Kitabu cha Aristotle kuhusu mambo yaliyo nyuma ya maumbile alikisoma mara 40 mpaka akakihifadhi, na bado hakukielewa. Akakata tamaa. Siku moja sokoni, upande wa wauza vitabu, mtu akamshikilia anunue kijitabu. Akakataa, yule akazidi kumsihi kwamba mwenyewe ana shida ya pesa. Akakinunua kwa dirham 3. Kumbe kilikuwa kitabu cha Al-Farabi kinachoeleza makusudio ya kile kitabu kilichomshinda. Alirudi nyumbani, akakisoma, na mafundo yakafunguka. Kesho yake alitoa sadaka nyingi kwa maskini kumshukuru Mwenyezi Mungu. Hii pia ilikuwa tabia yake: swali likimshinda alikwenda msikitini, akaswali na kuomba mpaka afunguliwe.

Angalia tofauti hapo. Kukihifadhi kitabu chote kichwani ni jambo moja, na kukielewa ni jambo jingine. Ibn Sina aliijua tofauti hiyo kwa kuipitia mwenyewe. Ishike, tutaihitaji mbele.

TABIBU, WAZIRI NA MFUNGWA

Mtawala wa Bukhara, Nuh bin Mansur, aliugua na madaktari wake wakashindwa. Kijana Ibn Sina akaitwa ashirikiane nao. Mfalme akapona, na malipo aliyoomba Ibn Sina ni ruhusa ya kuingia maktaba ya ufalme. Aliikuta ni nyumba yenye vyumba vingi, kila chumba elimu yake. Alipofika miaka 18 alikuwa amemaliza kuzipitia elimu zote za zama zake.

Kisha dunia ikapinduka. Mwaka 999 dola ya Wasamani ikaanguka, babake akafariki, naye akaanza maisha ya kuhamahama ambayo hayakuisha. Alikwenda Gurganj, akavuka jangwa, akafika Jurjan karibu na bahari ya Kaspi. Hapo alimpata Abu Ubayd Al-Juzjani, mwanafunzi aliyeshikamana naye miaka 25 hivi mpaka kifo, na ndiye aliyetuhifadhia habari zake. Kutoka hapo akaenda Rayy, kisha Hamadan, ambako alimtibu mtawala Shams Ad-Dawla ugonjwa wa tumbo, akafanywa waziri.

Uwaziri haukuwa mtamu. Askari walimwasi, wakaivamia nyumba yake, wakamtaka mtawala amuue. Akajificha siku 40 katika nyumba ya rafiki. Maumivu ya tumbo yakamrudia mtawala, akatafutwa, akaombwa radhi na kurudishwa kazini! Mchana alikuwa anahudumu serikalini, usiku wanafunzi wanakusanyika kwake, huyu anasoma sehemu ya kitabu cha Ash-Shifa na huyu anasoma sehemu ya Al-Qanun.

Shams Ad-Dawla alipofariki mwaka 1021, mambo yakaharibika. Ibn Sina alishukiwa kuandikiana kwa siri na mtawala wa Isfahan, akatiwa katika ngome ya Fardajan kwa miezi 4 hivi. Humo gerezani hakulala, aliandika vitabu. Baada ya kutoka alikimbia Hamadan akiwa amevaa kama masufi, yeye, nduguye, Al-Juzjani na watumwa wawili, mpaka Isfahan alikopokelewa kwa heshima.

Kitabu chake cha tiba, Al-Qanun, kina sehemu 5, na kilipofasiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, vyuo vya Ulaya vilikifundisha mpaka karne ya 17. Ash-Shifa, ijapokuwa jina lake ni "uponyaji", si kitabu cha dawa. Ni kitabu kikubwa cha falsafa na elimu za maumbile, na ndani yake mna sehemu nzima inayohusu nafsi. Hapo ndipo penye habari yetu.

KAZI NYINGI ZA AKILI NI ZA UBONGO

Wengi tunadhani wazee wa zamani walisema kila jambo la fikra ni roho tu. Ibn Sina alikuwa daktari, alijua kwamba mtu akipigwa kichwani sehemu fulani kumbukumbu hupotea. Kwa hiyo alizigawa nguvu za ndani na kuzipa mahali katika ubongo, mbele, katikati na nyuma. Alizihesabu 5.

Ya kwanza ni hisia ya pamoja, inayokusanya habari za macho, masikio na nyinginezo. Mfano wake ni tone la mvua. Tone likianguka wewe huoni nukta, unaona mstari. Yeyote aliyekaa barazani Embu mvua ya masika ikinyesha anaujua mstari huo. Jicho lilipata nukta, mstari umeundwa ndani.

Ya pili ni ghala la picha, linalohifadhi yaliyoonekana. Ya tatu ni nguvu ya kuunganisha na kutenganisha picha hizo, hata ukaweza kuwaza mtu mwenye mabawa ambaye hujapata kumwona. Ya nne aliiita wahm. Hii ndiyo humfanya kondoo amkimbie mbwa mwitu. Uadui si rangi wala umbo, jicho haliuoni, lakini mnyama anaupata. Wafugaji wa huku kwetu wanaoishi kando ya msitu wanalijua hili: mbuzi hana haja ya kufundishwa habari ya chui. Ya 5 ni kumbukumbu ya maana hizo.

Ndugu msomaji, ipitishe orodha hiyo kwenye mashine za leo. Kukusanya habari za kamera na maikrofoni? Zinafanya. Kuhifadhi? Zinatushinda. Kuunganisha picha na kutoa picha mpya? Kila siku tunaziona kwenye simu zetu. Kutambua hatari bila kuambiwa moja kwa moja? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Kwa hiyo kama Ibn Sina angefufuliwa leo akaonyeshwa mashine hizi, huenda asingeshtuka sana. Kwake hizo zilikuwa kazi za viungo vya mwili. Wala vyombo vya ajabu havikuwa vigeni kwa watu wake. Zaidi ya miaka 100 kabla yake, watoto wa Musa bin Shakir pale Baghdad walishaandika kitabu cha vyombo vinavyojiendesha vyenyewe.

Alichokitenga na hizo zote ni kitu kimoja: kujihisi. Kwa Kiarabu aliita shuur, yaani nafsi kujitambua kwamba ipo.

MTU ALIYEELEA HEWANI

Ili kulionyesha hilo, alimtaka msomaji wake awaze jambo. Nawe liwaze, tena funga macho kidogo.

Waza kwamba umeumbwa sasa hivi, mara moja, ukiwa mtu mzima mwenye akili timamu. Lakini macho yako yamefunikwa, huoni kitu. Unaelea hewani, na hata hewa yenyewe huisikii ikikugusa. Hakuna sauti wala harufu. Mikono na miguu yako imetengwa, kidole hakigusi kidole. Hujawahi kuona mwili, hujui kama kuna kitu kinaitwa mkono, moyo au ubongo. Huna kumbukumbu yoyote kwa kuwa ndiyo kwanza umeumbwa.

Sasa swali: je, katika hali hiyo utajua kwamba upo?

Ibn Sina anajibu ndiyo. Hutajua urefu wako wala upana wako, lakini hutakuwa na shaka kwamba wewe upo. Basi, akasema, kile unachokijua hapo si mkono, si moyo, si ubongo, maana hivyo vyote hukuvijua. Viungo, kwa maelezo yake, ni kama nguo tulizozivaa muda mrefu mpaka tukadhani ni sehemu ya sisi wenyewe.

Kisha akaongeza nukta ambayo mimi naona ndiyo nzito kuliko zote. Je, mtu anajua yupo kwa sababu ameona matendo yake, kwamba ninatembea, ninafikiri, basi nipo? Hapana, akasema. Ukisema "ninafikiri" umeshaitanguliza hiyo "ni". Huwezi kujua kwamba tendo hili ni langu mpaka uwe umeshaijua nafsi yako. Kujijua kunatangulia, tendo linafuata. Miaka 600 baadaye Mfaransa Descartes alipata sifa kubwa kwa kuanzia kwenye "nafikiri". Ibn Sina alikuwa ameshasogea nyuma hatua moja zaidi.

Unaona inakotupeleka? Ikiwa hata mimi sijijui kwa kutazama matendo yangu, basi kumtazama mwingine matendo yake, au kuisikia mashine ikisema "mimi", hakufiki kwenye kile tunachokitafuta. Mtihani wa mtu anayeelea unafanyika kutoka ndani tu. Kila mmoja anajifanyia mwenyewe. Hakuna msimamizi wa mtihani anayeweza kuingia akasahihisha.

KIFO CHAKE

Mwishoni alishikwa na ugonjwa wa tumbo, ule ule aliokuwa akiwatibu wengine. Alikuwa safarini pamoja na jeshi la mtawala wa Isfahan, akataka apone haraka, akajitibu kwa pupa. Katika siku moja alijisafisha tumbo kwa dawa mara 8, mpaka matumbo yakapata vidonda. Inaelezwa pia kwamba mmoja wa watumishi alizidisha kasumba kwenye dawa yake. Alipofika Hamadan alijua kwamba nguvu za mwili zimekwisha, akaacha dawa. Aliwaachia huru watumwa wake, akatoa mali yake kwa mafakiri, akashika kusoma Qur'ani. Akafariki Ramadhani mwaka 428 Hijria (1037 Miladia), umri wake miaka 58 kwa mwezi mwandamo. Kaburi lake liko Hamadan, nchini Irani, na watu wanalizuru mpaka leo.

WALIOMJIBU

Isije ikadhaniwa kwamba neno lake lilipokelewa bila kupingwa. Katika mwaka 1095 Imam Al-Ghazali alimaliza kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa katika masuala 20, na katika masuala 3 akawahukumu kwa ukafiri. Makala hii haikuja kuamua kesi hiyo, wanazuoni wanatosha. Lakini suala la 18 linatuhusu. Al-Ghazali hakukataa kwamba nafsi inaweza kuwa kitu kinachosimama chenyewe. Alichokataa ni madai kwamba akili peke yake imeleta ushahidi usiopingika wa jambo hilo.

Na kweli hoja ya mtu anayeelea ina mwanya. Nikupe mfano wa hapa kwetu. Mtoto wa Meru anaamka kila siku anauona mlima, anauita Kirimara. Mtoto wa Embu naye anauona mlima kutoka upande wake wa kusini, na kilele kina sura nyingine. Yule wa Meru anaweza akaujua mlima wake vizuri sana bila kujua lolote kuhusu mlima wa Embu. Je, hiyo ina maana ni milima miwili? La! Ni mlima mmoja, Mlima Kenya, umejulikana kwa upande mmoja tu. Vivyo hivyo, mtu anayeelea kujijua bila kujua ubongo hakuthibitishi kwamba yeye na ubongo ni vitu mbalimbali. Inawezekana ni kitu kimoja kilichojulikana kwa upande wa ndani.

Kwa hiyo hoja imetuthibitishia kwamba kujihisi kupo na kwamba si sawa na kujua habari za mwili. Haikuthibitisha kujihisi kunatokana na nini. Ndiyo maana huwezi kuichukua ukasema mashine haiwezi kujihisi kamwe kwa sababu ni chuma. Wala huwezi kusema inajihisi kwa sababu inaongea.

Katika kitabu hicho hicho Al-Ghazali anazungumzia mkono wa maiti. Anasema si muhali kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu kuusogeza mkono wa maiti ukaandika maandishi yaliyopangika. Mistari ingekuwa safi, maana kamili, na ndani ya mkono ule hakuna anayejua hata herufi moja. Elimu ingekuwa kwa aliyeusogeza. Tangu nilipoukuta mfano huo siwezi kutazama maandishi yanayotoka kwenye simu bila kuukumbuka.

SISI NA MASHINE ZETU

Hizi programu zinazoongea zinafanyaje kazi? Kwa ufupi, maneno hukatwa vipande, vipande hugeuzwa namba, na mashine hupiga hesabu ya kipande gani kinafaa kufuata. Imefundishwa kwa maandishi mengi mno ya wanadamu. Kwa hiyo ikizungumza juu ya njaa, inazungumza kwa maneno ya watu waliopata njaa. Ikikupa pole, pole hiyo ni ya watu waliowahi kufiwa. Neno lake "nahisi" haliwezi kuwa shahidi, kwa sababu ingelisema vile vile awe yumo mtu ama hayumo.

Wakubwa wa fani yenyewe wametofautiana. Mwaka 1950 Mwingereza Alan Turing alipendekeza tuache kuuliza kama mashine inafikiri, tutazame kama inaweza kujibu kwa maandishi mpaka mtu asiweze kuitofautisha na binadamu. Huo ni mtihani wa hodi na karibu. Mwaka 2022 mhandisi mmoja wa kampuni ya Google alitangaza kwamba programu aliyokuwa akiipima ina hisia. Kampuni ikakanusha, akaachishwa kazi. Mwaka 2023 wataalamu 19 wa ubongo, kompyuta na falsafa wakachapisha ripoti: kwa alama walizoziweka, hakuna mashine ya wakati ule iliyoonekana kuwa na fahamu, lakini hawakuona kizuizi cha wazi cha kutengeneza yenye alama hizo. Kwa maneno mengine, wenye elimu bado wamesimama mlangoni.

Lakini kuna hadithi ya karibu zaidi kuliko Google, na hii ni ya Nairobi. Januari 2023 jarida la TIME la Marekani liliandika kwamba Wakenya walioajiriwa na kampuni ya Sama walipewa kazi ya kusoma na kuainisha maandishi machafu, ya mauaji, mateso na unajisi wa watoto, ili programu ya ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Kazi hiyo ilifanyika kati ya mwisho wa 2021 na mwanzo wa 2022, malipo mkononi yakiwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Baadhi yao walieleza kwamba yale waliyoyasoma yaliwaganda akilini na kuwatesa.

Tafakari hapo. Maandishi ni yale yale. Mashine iliyapitia, na hatuna dalili yoyote kwamba iliumia. Vijana wetu waliyapitia, wakakosa amani. Tunakesha tukibishana kama chuma kina hisia, na pembeni yake kuna mtu ambaye hatuna shaka ana hisia, na hakuna anayemuuliza amelalaje.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, tusikimbilie kuapa. Asemaye mashine inajihisi na asemaye haitajihisi abadan wote wanadaiwa ushahidi. Sisi tumeshaambiwa katika Surat Al-Israi, aya ya 85, kwamba jambo la roho liko kwa Mola, na elimu tuliyopewa ni kidogo. Maana yake si kuacha kutafiti. Ibn Sina alitafiti mpaka kufa. Maana yake ni kujua mahali elimu yetu inapokoma.

Pili, makosa yanaweza kuwa ya pande mbili. Wafuasi wa Descartes walidai kwamba wanyama ni mashine tu, hawahisi maumivu, na kwa dai hilo wanyama wengi waliteswa. Kumnyima hisia aliye nazo ni dhulma. Kumpa hisia asiye nazo, ukamwachia siri zako, ndoa yako na huzuni zako, ni kujidanganya. Dada yangu, ndugu yangu, wewe unayeiandikia simu saa 8 za usiku kwa kuwa unaona hakuna anayekuelewa: yawezekana maneno yake yakakutuliza, sikatai. Lakini mtafute pia mtu ambaye akikwambia pole, pole hiyo imemgharimu kitu.

Tatu, mashine haijakalifishwa. Fiqhi imelifunga jukumu kwa mwenye akili aliyebaleghe. Mashine ikikosea katika mkopo, katika dawa au katika fatwa, yuko binadamu aliyeitengeneza, aliyeiuza au aliyeitumia bila kuangalia. Tusikubali mtu ajifiche nyuma ya chuma.

Nne, saumu yenyewe ni mtihani wa mtu anayeelea. Simu yako inajua saa ya kufuturu Meru na ya Embu kwa dakika. Inaweza kukueleza njaa ni nini kwa kurasa 10. Lakini ile njaa ya saa 11 jioni, ukiwa peke yako, maji yako mbele yako na hakuna akuonaye, inajulikana na wawili tu: wewe na Mola wako. Hapo unapojizuia, ndipo unapojua bila shaka yoyote kwamba ndani mna mtu.

Tumuombe Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn Sina, atusamehe sisi na yeye pale tulipoteleza, azikubali saumu zetu na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wallahu a'alam. Ramadhani njema.